Takwimu Sahihi, Jibu la Haki: Namna ya Kujadili Tofauti za Kipato kwa Ukweli na Staha

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao kazi cha Watendaji wa Kata na Vijiji, Maafisa Maendeleo ya Jamii na wawakilishi wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu)



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulisikia karibu kila siku, nalo ni mjadala juu ya nani anacho, nani hana, na kwa nini. Mjadala huu upo gulioni, upo kwenye foleni ya zahanati, upo msibani baada ya mazishi, upo katika vijiwe vya bodaboda, na siku hizi upo pia katika ujumbe unaopokezanwa kwa simu. Humo ndani mna ukweli, mna uzushi, na mna maumivu. Kazi yetu sisi tunaohudumia wananchi ni kuvitambua vyote vitatu na kumpa kila mmoja stahiki yake.

Nianze kwa kusema kwamba suala la usawa si geni wala si la uchochezi. Taifa hili lilikwishaliweka mezani mapema. Februari mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na likaweka masharti ya uongozi yaliyomzuia kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba ya kupangisha. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na njia iliyofuatwa wakati ule, lakini hawezi kusema kwamba Mtanzania anayeuliza "mbona wengine wanacho na sisi hatuna" ameleta mada ya kigeni. Wahenga nao walikwishatuonya kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa hiyo swali lenyewe ni halali. Tunachopaswa kukitazama ni namna linavyoulizwa, na zaidi namna tunavyolijibu.

Watu wawili wanaobishana na wote wana haki

Ndugu wajumbe, ubishi mwingi kuhusu umaskini hautokani na mtu mmoja kusema kweli na mwingine kusema uongo. Hutokana na watu wawili kuzungumzia vitu viwili kwa jina moja. Nitatoa mifano kutoka katika takwimu za Serikali yetu wenyewe.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Utafiti wa mwaka 2011/12 ulionesha kwamba asilimia 28.2 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa mwaka 2017/18 ulionesha kwamba kiwango hicho kimeshuka hadi asilimia 26.4. Anayesema "umaskini umepungua" anasema kweli.

Hata hivyo, katika kipindi hicho idadi ya watu iliongezeka sana. Asilimia ndogo ya watu wengi yaweza kuwa kubwa kuliko asilimia kubwa ya watu wachache. Ndiyo maana idadi ya watu walio chini ya mstari huo ilitoka takriban milioni 12 na kufika takriban milioni 14. Anayesema "maskini wameongezeka" naye anasema kweli. Wawili hawa wanaweza kubishana hadi jioni, wakaitana waongo, wakavunja ujirani, ilhali mmoja anasoma asilimia na mwenzake anahesabu vichwa.

Lipo na jambo la tatu. Umaskini na tofauti ya kipato si kitu kimoja. Tofauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho Gini, ambacho huanzia sifuri, yaani watu wote wako sawa, na huishia moja, yaani mtu mmoja amechukua vyote. Kwa Tanzania Bara kipimo hicho kilikuwa 0.34 katika utafiti wa 2011/12, na kikawa 0.38 katika ule wa 2017/18. Maana yake ni kwamba katika miaka ileile ambayo kiwango cha umaskini kilishuka, pengo baina ya wenye nacho na wasio nacho lilipanuka. Mwananchi anayesema "naona wenzetu wanakwenda mbio na sisi tunatambaa" hajatunga hadithi. Ameeleza kwa lugha yake kile ambacho takwimu zimeeleza kwa desimali.

Tena, utafiti huohuo ulionesha kwamba vijijini waliokuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi ni asilimia 31.3, na mijini asilimia 15.8. Mtendaji anayekwenda kijijini na wastani wa taifa mkononi, akautumia kuwathibitishia wananchi kwamba hali yao si mbaya, atakuwa na takwimu sahihi mahali pasipo pake.

Wastani huficha

Neno wastani lina heshima kubwa katika taarifa zetu, na sisi wa ofisi ya habari tunalipenda. Lakini naomba tulitazame kwa mfano wa kubuni. Tuseme kitongoji kina kaya tano. Nne kati yake zinapata Sh. 100,000 kwa mwezi kila moja, na ya tano inapata Sh. 1,600,000. Jumla ni Sh. 2,000,000, na wastani kwa kaya ni Sh. 400,000. Taarifa ikisema kwamba wastani wa kipato cha kitongoji hicho ni Sh. 400,000, haina kosa la hesabu. Lakini hakuna hata kaya moja inayopata Sh. 400,000, na nne kati ya tano zinapata robo yake.

Jambo hili lilijitokeza pale Benki ya Dunia ilipoiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati, daraja la chini, mwezi Julai mwaka 2020. Yalikuwa mafanikio ya nchi na yalistahili kutangazwa. Ila kipimo kilichotumika ni pato la taifa kugawanywa kwa idadi ya watu, ambalo kwa mwaka 2019 lilifikia dola za Marekani 1,080 kwa kila mtu. Mwananchi aliyeuliza "hizo dola zangu ziko wapi" alichekwa na wengine. Hakustahili kuchekwa. Alistahili kuelezwa kwamba hicho ni kipimo cha ukubwa wa mkate kwa kulinganisha na idadi ya walaji, wala si kipimo cha namna ulivyokatwa.

Asilimia kumi ya nini?

Sasa nije karibu na nyumbani, katika jambo linaloleta maneno mengi zaidi kwenye ofisi zetu: mikopo ya asilimia kumi.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018, inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mgawanyo wake ni asilimia nne kwa wanawake, asilimia nne kwa vijana na asilimia mbili kwa watu wenye ulemavu.

Madai yanayosikika mara nyingi huwa hivi: "Halmashauri imepitisha bajeti ya shilingi bilioni 30, asilimia kumi ni bilioni tatu, mbona vikundi vimepewa milioni mia mbili tu? Zilizobaki zimeliwa." Hesabu hiyo inavutia kwa sababu kila mtu anaweza kuifanya kichwani. Kosa lake liko katika neno moja, nalo ni "bajeti". Sehemu kubwa ya bajeti ya halmashauri ni mishahara ya watumishi na fedha za miradi kutoka Serikali Kuu na wahisani. Asilimia kumi haitolewi huko. Hutolewa katika mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, ushuru wa huduma, leseni za biashara na vyanzo vingine vinavyokusanywa na halmashauri yenyewe, baada ya kuondoa mapato lindwa kama vile michango ya wananchi katika vituo vya kutolea huduma za afya.

Kwa mfano, halmashauri ikiwa na bajeti ya shilingi bilioni 30, lakini mapato yake ya ndani yanayohusika ni shilingi bilioni mbili, asilimia kumi ni shilingi milioni 200: milioni 80 kwa wanawake, milioni 80 kwa vijana, na milioni 40 kwa watu wenye ulemavu. Hapo dai la wizi wa mabilioni limejibika kwa kalamu na karatasi.

Lakini, ndugu zangu, hapa ndipo wengi wetu huishia, na hapa ndipo naomba tusiishie. Tukishamwonesha mwananchi kwamba alikosea msingi wa hesabu, hufurahi tukafunga faili. Hatumwulizi kwa nini aliifanya hesabu ile. Mara nyingi aliifanya kwa sababu kikundi chake kimeomba mara tatu bila kujibiwa, au kwa sababu vikundi vilivyopewa vyote viko karibu na makao makuu ya wilaya, au kwa sababu orodha ya waliopewa haikubandikwa popote. Hayo ni malalamiko tofauti, na hesabu yetu ya milioni 200 haijayagusa hata kidogo. Kusahihisha takwimu si kujibu malalamiko.

Tukumbuke pia kwamba mwezi Aprili mwaka 2023 Serikali yenyewe ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupisha uboreshaji wa utaratibu, baada ya ukaguzi wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kubaini kasoro, zikiwemo mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa. Ilirejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/25. Maana yake ni kwamba miongoni mwa watu waliokuwa wakinung'unika vijijini walikuwamo waliokuwa wakisema kweli kabla ya mkaguzi hajaandika. Tukiwa na mazoea ya kuyaita maneno yote ya wananchi uzushi, tutawanyamazisha wazushi na mashahidi kwa pamoja.

Neno linaloweza kumnyima mtu riziki

Upande wa pili nao una wajibu. Uzushi kuhusu nani ni maskini na nani si maskini una madhara ya moja kwa moja kwa watu ambao hawana wa kuwatetea.

Mnaufahamu Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini chini ya TASAF, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari mwaka 2020. Utambuzi wa kaya hupita katika jamii yenyewe: kaya hutajwa na kujadiliwa katika mkutano, huhojiwa kwa dodoso, na orodha hurejeshwa kwa wananchi kuthibitishwa. Ni utaratibu mzuri kwa kuwa majirani hujuana. Lakini ni majirani haohao ambao wanaweza kugombana.

Chukueni mfano. Bibi mmoja analea wajukuu wanne. Anasimama mtu mkutanoni anasema, "Huyu si maskini, nyumba yake ni ya bati, na mwanawe yuko mjini." Maneno mawili hayo yote yanaweza kuwa kweli: bati lipo, na mwana yuko mjini. Lakini bati liliezekwa zamani mume akiwa hai, na mwana wa mjini hana kazi na hajaleta kitu kwa muda mrefu. Ukweli nusu umesimama badala ya ukweli wote, na mkutano ukiupokea bila kuuliza swali la pili, wajukuu wanne watalala njaa kwa sababu ya sentensi moja. Hakuna aliyesema uongo, na bado dhuluma imetendeka.

Kwa sababu hiyo, ule msemo wetu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, usitumike kama ushahidi. Unafaa kutuamsha tuchunguze, ila haufai kutuhukumia mtu. Vilevile tuwafahamishe wananchi kwamba sheria za nchi, ikiwemo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, zinakataza kusambaza taarifa ambazo mtu anajua kuwa ni za uongo. Lakini naomba sheria hiyo isiwe neno letu la kwanza mbele ya mtu aliyekuja na swali. Mtu anayeuliza kwa hasira bado anauliza.

Sisi nasi tupimwe

Kipimo tunachowapimia wananchi tukitumie pia kwa matangazo yetu. Tunasema, na ni kweli, kwamba elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada tangu Januari mwaka 2016, na kwamba ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa mwaka 2022. Hilo limewafungulia mlango watoto wengi. Lakini tukivuka hapo tukasema "sasa watoto wote wana nafasi sawa", tumesema jambo jingine ambalo kuondolewa kwa ada peke yake hakulithibitishi. Sare inanunuliwa, daftari linanunuliwa, na mtoto anayetembea kilomita nane kwenda sekondari ya kata hana nafasi sawa na anayeishi nyuma ya shule. Ada imeondoka, umbali umebaki. Mwananchi akitukumbusha hivyo asionekane kupinga mafanikio, kwani amesoma tangazo letu kwa makini kuliko tulivyoliandika.

Tufanye nini?

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matano, na yote yamo ndani ya uwezo wetu bila kusubiri fungu la fedha.

Kwanza, tutenganishe sehemu tatu za kila dai. Ipo sehemu ya takwimu: ni kiasi gani, mwaka gani, mahali gani? Ipo sehemu ya sababu: nini kimeleta hali hiyo? Na ipo sehemu ya hukumu: je, ni haki? Takwimu huthibitishwa kwa nyaraka. Sababu huchunguzwa. Hukumu hujadiliwa, na humo kila raia ana sauti sawa na afisa. Hatuna mamlaka ya kumwambia mtu kwamba hisia yake ya kudhulumiwa ni "takwimu isiyo sahihi".

Pili, tubandike kabla ya kuulizwa. Mapato na matumizi ya kijiji, orodha ya vikundi vilivyopata mikopo, kiasi na tarehe ya marejesho, vyote vikae kwenye mbao za matangazo vikisomeka. Ubao mtupu ndio unaoupa uvumi nafasi.

Tatu, mikutano ya kijiji ifanyike. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaelekeza mkutano mkuu wa kijiji uitishwe angalau mara moja kila miezi mitatu. Mahali ambapo mkutano haukuitishwa kwa mwaka mzima, watendaji tusishangae wananchi wakifanyia mkutano wao kwenye simu.

Nne, tujibu kwa maandishi na kwa wakati. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa, na inamtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku thelathini. Taarifa binafsi za watu, kama vile hali ya afya ya mwanakaya, zilindwe. Lakini fedha za umma si siri ya familia.

Tano, tukikuta dai ni kweli, tuseme kwamba ni kweli, mahali palepale liliposemwa na kwa sauti ileile ambayo tungelikanushia. Wananchi wakituona tunakiri lililo kweli, watatuamini siku tutakapokanusha lililo uongo. Afisa anayekanusha kila kitu hana thamani ya kukanusha chochote.

Na kwenu wawakilishi wa vikundi, nina ombi moja. Kabla hamjapeleka mbele dai lolote linalotaja kiasi cha fedha au jina la mtu, ulizeni maswali mawili: asilimia hii ni ya nini, na aliyetajwa amepewa nafasi ya kujibu? Kama majibu hayapo, njooni ofisini tuyatafute pamoja. Malalamiko yenye hesabu sahihi ni magumu kuyapuuza. Yenye hesabu mbovu humpa kiongozi mzembe kisingizio cha kuyatupa yote, pamoja na haki iliyokuwa ndani yake.

Ndugu Mwenyekiti, pengo kati ya kaya na kaya katika wilaya yetu halitafungwa na takwimu. Litapunguzwa na mikopo inayowafikia walengwa, shule zilizo karibu, zahanati zenye dawa na barabara inayopitika masika. Lakini hayo yote hupangwa vikaoni, na kikao ambacho nusu ya wajumbe wanaamini uvumi na nusu nyingine wanaficha nyaraka hakiwezi kupanga jambo la haki.